Mkutubi Aliyepiga Kelele

Sitakwambia alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuniuliza hayo. Kwa miaka yote niliyomjua, Mkutubi wa chuo chetu cha biashara hakushika jina la mwanafunzi hata mmoja. Alitukumbuka kwa maswali yetu. Kulikuwa na Wewe wa Nyanya, kulikuwa na Wewe wa Bodaboda, na kijana mmoja mpole wa uhasibu aliyeitwa Wewe wa Mazishi kwa kuwa aliandika juu ya biashara ya majeneza. Mimi nilikuwa Wewe wa Masanduku. Aliniita hivyo kutoka upande wa pili wa ukumbi, watu wakiwa wameinamia madaftari yao, nami nikaitika. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniita jina langu halisi likanifurahisha namna hiyo.

Ndiyo, aliita kwa sauti, ndani ya maktaba. Kila nguzo ilikuwa na tangazo la kuomba kimya, matangazo yote aliyaandika kwa mkono wake na kuyachorea kidole mdomoni, na mtu mwenye kelele kuliko wote mle ndani alikuwa yeye. Si kwamba alikuwa na kiburi. Furaha ilimzidi nguvu. Mtu akitafuta kitu siku nzima, halafu kikapatikana, Mkutubi hakuweza kujizuia. Alipiga kelele, "Tumepata!" kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili na kutazama huku na huku kutafuta aliyevunja sheria.

Alivaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, la heshima, lenye mabega yaliyochongoka na mshipi wa kung'aa. Chini yake alivaa viatu vya raba. Wanafunzi wapya walicheka mpaka siku walipomwona akikimbia kati ya rafu na pindo la gomesi mkononi, kwa sababu mtu fulani kule nyuma ameuliza swali zuri. Baada ya hapo hawakucheka tena. Walianza kujiuliza wao watauliza nini ili wakimbiliwe.

Tulielewana haraka kwa sababu ya Kiswahili. Chuoni watu huzungumza Kiingereza darasani na Kiganda kwenye ngazi. Yeye alikulia nyumba za polisi za Nsambya, ambako watu walizungumza Kiswahili, na mimi kwetu ni Wanubi, nyumbani tunaongea Kinubi na Kiswahili vikiwa vimechanganyika kama wali na maharage. Kiswahili chake hakikujali ngeli za mtu. Kilikuwa na amri nyingi, na kicheko mwishoni.

"Wewe! Kuja hapa. Unatafuta nini?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonitupia, juu ya kaunta, mwaka wangu wa kwanza.

"Kitabu cha masoko, Mama."

"Kitabu mimi niko nayo mingi. Mimi nauliza, unataka kuamua nini?"

Nilimjibu kwamba nataka kufaulu mtihani. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeona nguo nzuri iliyovaliwa nyuma mbele. "Kale," akasema, yaani haya basi, "hiyo enda uliza mwalimu." Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nilikasirika! Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo niliondoka nikimsema mpaka kituo cha basi. Nilikuwa nimelipa ada kama wengine, nina kadi yangu yenye picha, na nimeomba kitabu katika maktaba. Ningeenda kuomba wapi, kwa muuza nyama?

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba alimtendea hivyo kila mtu, hata walimu. Mhadhiri mmoja mwenye suti nzito alikuja kutaka "chochote kipya kuhusu uongozi", akaulizwa anataka kuamua nini, akapandisha mabega na kuondoka. Wiki iliyofuata alirudi bila koti. Alivuta kiti, akainama, akaanza kumweleza Mkutubi kwa sauti ya chini sana. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba aliondoka na majarida mikononi, na tangu siku hiyo akawa analeta darasa lake zima lifundishwe kutafuta.

Mafunzo hayo ndiyo yalikuwa sinema yetu. Chuo hulipia majarida mengi ya mtandaoni, makala kutoka pande zote za dunia, na mwanafunzi anachohitaji ni kompyuta na paswedi. Wengi wetu hatukuyagusa. Tuliona ni vitu vya wenye shahada za uzamivu. Mkutubi alitupanga mbele ya kompyuta, akapita nyuma yetu akichungulia skrini, na kila mwaka alimkamata mtu aliyefanya kosa lile lile: ameandika swali zima la mwalimu kwenye kisanduku cha kutafutia, tangu "Jadili kwa kina" hadi "alama ishirini".

"Jameni!" alipaza sauti, akishika mabega ya mwenye kosa kwa upendo kabisa. "Huyu anataka kompyuta ifanye mtihani na ipewe maksi! Toa hiyo yote. Bakisha maneno mawili, ile yenye nyama." Mwenye kosa akabakisha mawili, akabonyeza, makala zikamiminika, na darasa likapiga makofi ndani ya maktaba, chini ya lile tangazo la kidole mdomoni.

Alikuwa na ukinzani wake, na siwezi kuuficha kwa sababu ndio uliomfanya awe yeye. Alivichukia vile vitabu vya jinsi ya kuwa tajiri kabla hujafika miaka thelathini. Akivishika alivishika kwa ncha za vidole. Hata hivyo alivipanga mlangoni kabisa, vikitazama nje. Nilipomuuliza sababu alinikonyeza. "Acha waingie na hiyo. Mimi nawakamata ndani." Alikataza chakula kwa ukali wa kutisha, na droo yake ya chini ilinuka karanga za kukaanga. Na ingawa alisifu mtandao kutwa, siku umeme ulipokatika alionekana kama mtu aliyepewa likizo. Alitembea kwenye rafu akichomoa vitabu na kuvifuta vumbi kwa pindo la mkono, akivisemesha.

Lakini juu ya yote alipenda sheria. Hapo ndipo watu walishindwa kumwelewa. Mtu anayepiga kelele vile ungedhani hajali. Kumbe kanuni za maktaba alizijua zote, na alizifuata hadi mwisho hata pale zilipomuuma. Mpiga kelele hunyang'anywa kadi na kukaa nje saa moja. Tasnifu za wanafunzi waliotangulia, zile zilizo kwenye chumba cha vioo, hazitoki nje ya maktaba kwa ajili ya mtu yeyote. Zishike akilini sheria hizi mbili, zitatufaa.

Sasa masanduku. Mama yangu ana karakana mtaa wa Katwe, ya masanduku ya bati, yale anayobeba mtoto wa bweni siku ya kufungua shule, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko na kufuli limening'inia mbele. Alirithi kazi hiyo kwa marehemu baba yangu, na mashine ya kukunjia bati aliijua mlio wake kuliko sauti zetu sisi watoto. Mwaka nilioingia chuo masanduku yalianza kudoda. Wazazi walipita mbele ya karakana yetu na mabegi ya magurudumu yaliyotoka nje, hawakugeuza hata shingo. Mama aliongeza rangi. Akaongeza maua. Akaweka kifuniko kinachong'aa mpaka unaweza kujiangalia. Yakadoda vilevile. Ndipo akatokea mtu wa mtaa wa pili aliyetaka kuinunua ile mashine, na Mama akasema muhula huo ukipita hivyo atampa, atatafuta kibanda auze maji na soda. Mashine ikiondoka, kazi ya baba imeondoka. Hilo tulilijua wote, na hakuna aliyelisema wakati wa kula.

Nilirudi kwenye ile kaunta nikiwa bado nimenuna. Safari hii sikuomba kitabu.

"Nataka kuamua kama mama yangu aache masanduku au asiache," nilisema.

Mkutubi alisimama. Alikunja pindo la gomesi. "Sasa," akasema, "sasa umekuja maktaba."

Jamani, siku zile! Niliona kwa mara ya kwanza kwamba maktaba si ghala. Alinifungulia takwimu za bidhaa zinazoingia nchini, akanionyesha namna ya kuzisoma bila kulala. Alinipeleka kwenye magazeti ya zamani, kurasa za matangazo za kila mwezi wa kufungua shule, tukatazama masanduku yakipungua na mabegi yakijaa. Aliagiza makala kutoka maktaba nyingine, zikaja kwenye barua pepe yangu nami nikazisoma nimesimama. Mwalimu wangu wa masoko alikuwa amesema mada ya masanduku ni ndogo mno. Mkutubi alisikia, akacheka. "Kitu kidogo iko mzuri. Unaona mwisho yake."

Na kila tulichopata kilisema neno moja: begi limeshinda. Ni jepesi, ni la kisasa, wazazi wanalipenda. Nilianza kukata tamaa. Mkutubi akagoma kukata tamaa. Alikuwa na swali linalomkera. "Mzazi ndiye ananunua," alisema. "Lakini nani anaishi na sanduku? Nani anaiona kila siku?" Akaenda kwenye chumba cha vioo, nikamsikia akihamisha tasnifu na kunung'unika, na aliporudi alibeba moja yenye jalada la bluu iliyokwisha kupauka. Mwandishi wake alikuwa mhasibu wa shule ya bweni aliyesoma madarasa ya jioni miaka ya nyuma. Mada ilikuwa ununuzi wa samani za mabweni. Sijawahi kuona kichwa cha habari kinachochosha kama kile.

Mkutubi aliisoma mwenyewe kwanza, amesimama, kidole kikitembea. Kisha akaifunga. Nilimwona anameza kitu kama mtu aliyezuia kupiga chafya.

"Kesho lete mama," akasema.

"Mama si mwanafunzi. Niazime tu, nimpelekee Katwe."

"Haitoki." Alisema hivyo huku uso wake wote ukitamani itoke. "Lakini iko na kadi ya mgeni ya siku moja. Iko kwa kanuni. Lete yeye."

Mama alikuja amevaa kanga zake za Idi, mikono ameisugua mpaka imekuwa myekundu. Mlangoni alitaka kuvua viatu. Mkutubi alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye meza kubwa ya katikati, iliyokuwa kwa kawaida ya wanafunzi wa uzamili, akafungua tasnifu na kuanza kumsomea, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili cha Nsambya papo hapo.

"Hapa anaandika, wao matroni wanasema masanduku imebaki katikati ya njia. Watoto wanajikwaa. Sababu yake vitanda mpya ya chuma iko chini sana, sanduku haiingii. Basi shule inaandikia wazazi: leteni begi laini."

Mama alishtuka. "Ni shule ndiyo inasema? Si wazazi?"

"Ni shule. Angalia kitanda yenyewe." Akageuza ukurasa wenye picha.

Mama aliitazama picha. Akaivuta karibu. Akaweka kidole kwenye ua la chuma lililokunjwa kichwani pa kitanda.

"Huyu namjua," akasema polepole. "Hii ua, nani mwingine anakunja hivi? Si jirani yetu? Yule wa mlango wa tatu, anayenikopa gundi?"

Nilikodoa macho. Jirani yetu alikuwa amechomelea vitanda vya shule mbele yetu, muhula baada ya muhula. Tulikuwa tunaviruka tukienda dukani. Mama alikuwa amepigana na mabegi ya kutoka ng'ambo, akapaka maua, akalia chumbani, na kumbe kilichofukuza masanduku yake kilikuwa kinatengenezwa milango mitatu kutoka kwake na mtu anayemsalimia kila asubuhi. Nani Katwe hupima kazi ya jirani? Kila mtu huangalia nyundo yake tu. Mama alitoa utepe wa kupimia kwenye mkoba, akauvuta juu ya meza ya uzamili hadi kipimo kilichoandikwa kwenye tasnifu, halafu akauvuta tena hadi kimo cha sanduku lake. Tofauti aliifunika kwa mkono.

"Vidole vinne," alisema. "Vidole vinne tu!"

"Tumepata!"

Nilidhani paa limefunguka. Ukumbi mzima uliinua vichwa, na ilikuwa wiki ya mitihani. Mtu akafyonya. Askari wa mlangoni akaja mbio, akasimama mbele ya Mkutubi bila kujua afanye nini na mikono yake. Mkutubi mwenyewe ndiye aliyemsaidia. Alivua kadi ya kazi iliyokuwa shingoni mwake, akampa.

"Saa moja," akamwambia kwa heshima, kama anavyoambiwa bwana mkubwa. "Kanuni ni kanuni, ssebo."

Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi juani. Mama akamfuata, akakaa kando yake, na karanga zile za droo zikatoka mfukoni. Nilibaki ndani nikinakili vipimo, lakini kupitia dirishani niliwaona wanawake wawili wa makamo, mmoja amefukuzwa kwa haki kwenye maktaba yake mwenyewe, wakicheka mpaka kanga ya Mama ikaanguka.

Mashine haikuondoka. Mama alimwendea jirani na utepe, wakapima pamoja, na masanduku mafupi yakaanza kutoka yakiwa marefu zaidi kwa upande. Nilizunguka kwa matroni wa mabweni nimejitwika sampuli kichwani. Mkutubi alikuwa na amri moja kwa kila aliyemsaidia: rudi uniambie uliamua nini. Nilirudi. Nilimwambia pale pale kaunta, akakimbia kunizunguka na raba zake, akaichukua tasnifu yangu ilipokamilika, akaitia namba na kuiweka kwenye chumba cha vioo, kando ya ile ya jalada la bluu. Kisha akastaafu, mimi nikamaliza, na siku nilizopita pale baadaye nilikuta vijana wapole wanaokujibu kwa kuandika.

Mwaka huu, siku za mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Katwe ikiwa imejaa wazazi na kelele za bati, nilisikia sauti ikikata nyundo zote.

"Wewe wa Masanduku!"

Gomesi. Raba. Alikuwa amekonda, na alitembea akijishikilia kwenye vitanda vya jirani, lakini macho yalikuwa yale yale. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Mama, ambaye siku hizi hukaa kwenye kiti na kutuamrisha, aliinuka.

"Nataka sanduku," Mkutubi alisema.

"La ukubwa gani, Mama?"

"Sijui."

Hajui! Nilimvutia kigoda. Niliona mikono yake inacheza na mshipi wa gomesi, na swali likanitoka lenyewe.

"Mama, unataka kuamua nini?"

Alifungua mshipi, akaufunga tena. Nafikiri katika maisha yake hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Binti yangu anakaa flati za Bugolobi," akasema mwishowe. "Anataka nihamie kwake. Magoti yangu pia inataka. Lakini chumba iko ndogo, anasema vitabu nigawe. Mimi bila vitabu yangu siendi, bora nianguke pale Nsambya peke yangu. Amenipa kitanda, na chini ya kitanda. Basi."

"Umepima chini ya kitanda?"

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, kwa sababu hakuwa amepima. Tulimpigia simu binti yake, akapiga magoti Bugolobi na rula ya mtoto wake, akasoma kipimo. Kilikuwa chini kuliko sanduku letu lolote. Mkutubi alikuwa ameacha kucheka, akitazama raba zake.

Mama yangu alichukua chaki, akachora juu ya bati: jembamba, refu kama kitanda chenyewe, mpini mbele, magurudumu madogo chini ili livutike. Akaingiza bati kwenye mashine ya baba, ile ile, akaegemeza uzito wake wote, na kona ya kwanza ikakunjika na mlio wake. Akapima. Akapima tena.

"Itaingia," akasema.

"Na vitabu?"

"Vyote, dada. Na karanga."

Mkutubi alisimama bila kushika kitu.

"Basi naenda," alisema. "Naenda! Tumepata!"

Alizoea kuziba mdomo, akauziba. Mkono mwingine ukaenda shingoni, kule ilikokuwa ikining'inia kadi ya kumpa askari, ukakuta hakuna kitu. Akatazama huku na huku. Nyundo ziliendelea, jirani alichomelea, wazazi walipatana bei, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Akapiga kelele tena.